Tandiko Sebuleni: Kuhifadhi Vifaa vya Farasi Nyumba Ikiwa Ndogo

Kiswahili kina utani wake. Matandiko ni shuka na foronya, na matandiko hayohayo ndiyo viti vya ngozi vya kumpandia farasi. Mwenye chumba cha vifaa hana haja ya kuucheka utani huo. Sisi tusio na chumba cha ziada tunaujua vizuri: kwangu matandiko ya kitanda na ya farasi yaligombania kabati moja karibu mwaka mzima, na ya farasi yakashinda kwa harufu.

Wengi wetu farasi hulala kwenye banda la pamoja au kwa mwenye shamba, halafu vifaa vinarudi nyumbani. Labda bandani hakuna kufuli la kuaminika, labda panya ni wengi, labda paa linavuja. Ukishabeba tandiko hadi mlangoni, unaanza kuilaumu nyumba kwa udogo wake. Mimi niliilaumu kwa muda mrefu, mpaka nilipokagua vitu vilivyoniharibikia kimoja kimoja. Hakuna hata kimoja kilichoharibika kwa kubanwa. Vyote viliharibika kwa sababu nilivifungia vikiwa na jasho.

Jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko letu, na lina protini inayotoa povu. Ndilo lile povu jeupe linalotokea shingoni vigwe, ile mikanda anayoishika mpandaji, vinaposugua. Chumvi ikibaki kwenye ngozi huvuta unyevu wa hewani, hudhoofisha nyuzi za mshono, hula bizimu, yaani vifungo vya chuma vya mikanda, tena panya huipenda. Kwa hiyo humu nitasema habari za rafu na kulabu, lakini kila hatua ina swali moja nyuma yake: jasho limetoka?

Hatua ya 1: Toa vyote nje, uvione

Chagua siku kavu. Tandaza turubai au shuka kuukuu, kisha toa kila kitu cha farasi ulichonacho, pamoja na kile kilicho kwenye buti ya gari na kile ulichomwazima mtu ukasahau. Panga mafungu matatu: vya kila wiki, vya msimu, na vile ambavyo hata wewe hujui kwa nini unavyo.

Fungu la tatu ndilo litakalokushangaza. Mimi nilikuwa na vitambaa tisa vya kuweka chini ya tandiko, na farasi ni mmoja. Vitatu vinamtosha: kimoja mgongoni, kimoja kwenye kamba ya kuanikia, kimoja safi. Kitu ambacho hukukigusa mwaka mzima kiuze au kigawe, isipokuwa akiba ya dharura, yaani hatamu (mikanda ya kichwani) moja ya pili na mkanda mmoja wa tumbo.

Kabla ya kugawa chochote cha ngozi, kikague. Chukua mkanda wa kikuku, kile chuma anachokanyagia mpandaji, ukunje pale bizimu inapokaa siku zote, uangalie upande wa nje wa kunjo. Mistari midogo ya juujuu si kitu. Mpasuko unaofunguka kama mdomo maana yake mkanda umekufa, na siku utakapokatika mtu atakuwa juu ya farasi. Huo usiuze wala usimpe mtu. Ukate vipande viwili kabla ya kuutupa, asije mwingine akauokota akautumia.

Hatua ya 2: Chagua ukuta kabla ya kununua rafu

Kosa la kawaida ni kununua kishikilia tandiko kizuri kwanza, ndipo uanze kuzunguka nacho nyumbani ukitafuta pa kukifunga. Anza na ukuta. Unatakiwa uwe wa ndani, si ule unaopigwa na mvua upande wa pili. Usipakane na bafu. Usiwe karibu na jiko, kwa sababu mvuke na mafuta ya kupikia hugandia ngozi. Na jua la dirishani lisiufikie. Jua hupausha rangi na kukausha ngozi upande mmoja tu, ukaishia na tandiko ambalo mashavu yake mawili, zile ngozi pana zinazoshuka ubavuni, yana rangi tofauti.

Kipima unyevu kidogo cha kuning'iniza ni kifaa cha bei ndogo, na kinafaa kuliko mafuta yoyote ya ngozi. Kiache mahali ulipopachagua kwa wiki nzima, ukisome asubuhi na usiku. Ngozi hukaa vizuri unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 60. Ukipita 65 siku kwa siku, ukungu utaota hata kama umesafisha vizuri namna gani. Chini ya ngazi, kwa mfano, ni mahali panapovutia macho, lakini hewa haipiti. Ukilazimika kupatumia, toa mlango uweke pazia.

Halafu pima. Tandiko likiwa limetundikwa hutokeza ukutani sentimita 55 hadi 60, na upana wake na mashavu yake ni kama sentimita 50. La kuchungia ng'ombe, lile la mtindo wa Kimarekani lenye pembe mbele, huhitaji zaidi ya hapo. Ukitaka kupanga mawili moja juu ya jingine, acha walau sentimita 65 katikati, la sivyo kila ukitoa la chini utakwaruza la juu. Kata karatasi ngumu ya ukubwa huo, uibandike ukutani, uishi nayo siku mbili tatu. Bega lako litakwambia kama mahali hapo panafaa. Kwetu lilisema hapana kwenye ujia, tena mara nne kwa siku moja.

Hatua ya 3: Weka mpaka mlangoni

Hii ndiyo hatua inayookoa nyumba. Karibu na mlango, nje ikiwezekana, weka ndoo ndogo, sifongo, kitambaa kikavu na kulabu mbili imara. Sheria ni kwamba kifaa chochote kilichomgusa farasi leo hakivuki hapo mpaka kifutwe, na hakiingii kabatini mpaka kilale usiku mmoja kwenye kulabu.

Kufuta kwenyewe ni dakika kumi. Chovya sifongo kwenye maji ya vuguvugu, likamue mpaka lisidondoshe, ufute upande wa ndani wa ngozi, ule uliokuwa umelalia mwili wa farasi. Watu wengi hung'arisha upande wa nje unaoonekana na kuuacha wa ndani, na chumvi iko ndani. Fungua kila bizimu na ufute chini yake, maana ndipo jasho hujificha. Sabuni ya gliserini inatosha mara moja kwa wiki, na itumie na maji machache sana; ikitoa povu jingi, maji yamezidi. Lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, isuuze palepale bandani kabla mate na nyasi havijakauka. Usichovye hatamu nzima ndani ya ndoo.

Kilicholowa na mvua kikaushe kivulini penye upepo. Usikisogeze kwenye moto, wala hita, wala juani ili kiwahi. Ngozi ikikaushwa haraka hukauka nje kabla ya ndani, ikakakamaa, ikapasuka.

Na mifuko ya plastiki iache kabisa. Nakumbuka jioni moja nilirudi nimechoka, nikaitia hatamu kwenye mfuko wa plastiki nikausukuma chini ya kitanda, nikijiambia nitaishughulikia kesho. Kesho ikawa wiki tatu. Nilipoutoa mfuko ulikuwa na matone ya maji kwa ndani kama kifuniko cha sufuria, na hatamu imeota manyoya ya kijani kuanzia mkanda wa puani hadi kwenye vigwe. Ngozi niliiokoa, ila uzi wa mshono mmoja ulikuwa umeshaoza, nikavuta kidogo tu ukaachia.

Hatua ya 4: Tandiko lenyewe

Ndani ya tandiko mna kiunzi, cha mbao au plastiki au nyuzi ngumu, na chini yake mito miwili iliyojazwa sufu au sponji. Katikati ya mito hiyo kuna mfereji unaopita juu ya uti wa mgongo wa farasi bila kuugusa. Kishikilia chochote utakachotumia kinatakiwa kufanya kama mgongo wa farasi: kibebe mito kwa pande zote mbili na kiuache mfereji wazi. Tandiko likilala miezi juu ya kitu chembamba, kama mgongo wa kiti au bomba dogo, uzito wote hukaa kwenye mstari mmoja, mito ikapata mabonde, na mabonde hayo baadaye yanamuumiza farasi. Utadhani farasi amekuwa mkaidi kumbe ni kiti chako cha sebuleni.

Cha kutengeneza mwenyewe ni rahisi. Chukua mbao mbili za urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 15, uziunganishe zielekeane kama paa la nyumba, lakini zisikutane kileleni. Acha nafasi ya vidole vinne. Ziparuze kingo ziwe mviringo, uzifunike na kipande cha zulia au blanketi la zamani. Ukifunga ukutani, ncha ya mbele iinuke kidogo, kiasi cha kidole, ili tandiko lisiteleze likaanguka. Bomba nene la plastiki, la kipenyo cha sentimita 11 au zaidi, linafaa kwa muda, lakini si kwa tandiko la kukaa msimu mzima.

Usidharau uzito. Tandiko la mtindo wa Kiingereza huwa na kilo 5 hadi 10 hivi, la Kimarekani 13 hadi 20, na mengine hupita. Tena uzito huo uko mbali na ukuta, kwa hiyo skrubu za juu zinavutwa nje kila siku. Kwenye ukuta wa matofali tumia plagi za ukutani na skrubu ndefu, zipite lipu ziingie kwenye tofali lenyewe. Kama ukuta ni wa mbao nyembamba au jasi, gongagonga utafute nguzo zilizo nyuma yake na ufunge hapo tu. Kabla ya kutundika tandiko, ning'iniza ndoo ya maji ya lita 20 usiku mmoja. Ikianguka ndoo utapiga deki. Likianguka tandiko kiunzi kinaweza kuvunjika ndani bila kuonekana nje, na tandiko lenye kiunzi kilichovunjika halipandiwi tena.

Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anaweza kutumia kishikilia cha kusimama chenyewe, kikiwa na magurudumu ya kufungika. Cha ngazi mbili kinatosha. Cha ngazi tatu hupinduka watoto wakikivuta, na kama ni lazima uwe nacho, tandiko zito liwe chini. Ubao wa kupigia pasi usijaribu. Najua unaonekana kama umeumbwa kwa kazi hiyo.

Sasa tandiko linalala vipi? Mkanda wa tumbo utoe kabisa, usiuache umefungwa upande mmoja ukining'inia. Vikuku vipandishe juu kwenye mikanda yake, au vitoe, kisha uvivishe soksi kuukuu ili chuma kisikwaruze mashavu. Mikanda ya vikuku ibadilishane upande kila baada ya miezi michache, kwa sababu ule wa kushoto, unaokanyagwa wakati wa kupanda, hurefuka zaidi. Juu yake funika shuka ya pamba. Shuka ya kitanda iliyochanika inafaa kabisa, na hapo matandiko yote mawili yanapatana.

Kama siku moja huna pa kuliweka, lisimamishe sakafuni kwa ncha yake ya mbele, mgongo ukiegemea ukuta, na taulo katikati ya ngozi na ukuta. Hiyo ni ya saa moja, si ya wiki.

Na hapa nitoe maoni yangu, uyachukue au uyaache: tandiko safi halina aibu sebuleni. Nililificha kabatini miaka miwili, nyuma ya makoti, bila hewa, na kila mwezi nilikuta ukungu. Siku nililiweka wazi pembeni ya kochi, likawa linapata hewa na linafutwa vumbi kama fanicha nyingine. Wageni huligusa tu, kisha wanauliza jina la farasi.

Hatua ya 5: Hatamu, kopo na mlango

Hatamu ikining'inizwa kwenye msumari, uzito wote wa mikanda, vigwe na lijamu huangukia sehemu moja ya mkanda wa kisogoni, ule unaopita nyuma ya masikio. Ngozi hukunjika hapo kama karatasi, na siku moja hupasuka hapohapo. Huo ndio mkanda unaoshika kila kingine kichwani mwa farasi.

Dawa yake iko jikoni. Tafuta kopo tupu la bati lenye kipenyo cha kama sentimita 10, lioshe, ukingo uliokatwa uupondeponde kwa nyundo mpaka usikate kidole. Toboa matundu mawili kwenye kitako chake, ulifunge kwa skrubu kwenye ubao, mdomo ukitazama nje. Lizungushie kitambaa kinene. Umepata kichwa cha farasi cha kudumu, na ndani ya kopo unaweka vipande vya sabuni au glavu.

Ubao wenye makopo matatu, yakiachana sentimita 20, unaingia nyuma ya mlango wa chumba. Tundika mkanda wa kisogoni juu ya kopo ukae mviringo, vigwe vikunje na uvipitishe ndani ya mkanda wa kooni, kisha ule mkanda wa kooni uzungushe mbele na nyuma ya hatamu yote kama namba nane. Hapo inakaa kama fungu moja, haishiki kila anayepita. Lijamu ivae soksi. Bila soksi, kila mlango ukifungwa utasikia kengele, na majirani pia.

Kamba za kuongozea na ile ndefu ya mazoezi zisongwe kwa mizunguko mipana, zitundikwe kwenye kulabu moja. Zilizolowa zisichanganywe na ngozi.

Hatua ya 6: Mablanketi

Haya ya kumvisha farasi ndiyo yanayokula nafasi. Kwanza yasije nyumbani kila wiki. Linalotumika libaki bandani. Yanayokuja ni yale ya msimu uliokwisha, na yaje mara moja tu, yafuliwe.

Piga brashi nje mpaka manyoya yaache kutoka. Usilitie blanketi lenye manyoya kwenye mashine ya kufulia ya nyumbani, kwani manyoya yataziba kichujio na mengine yatajitokeza kwenye mashati ya watu mpaka mwezi ujao. Lile kubwa lioshe uani kwa maji baridi, sabuni laini kidogo na brashi ya mpini mrefu. Dawa ya kulainisha nguo usitie kwenye blanketi la mvua, inaharibu uwezo wake wa kuzuia maji. Suuza mpaka maji yatoke safi, maana sabuni iliyobaki humwasha farasi.

Likianikwa, kitambaa kitakauka siku ya kwanza na kukudanganya. Mishono na mikanda hukauka mwisho. Bana mshono wa kifuani kwa vidole, uuguse shavuni. Ukihisi ubaridi, bado.

Kunja huku vibanio vya chuma vikiwa ndani. Blanketi la nyuzi za kiwandani linaweza kuingia kwenye mfuko wa kufyonzwa hewa likawa bapa kama godoro la mtoto, likalala chini ya kitanda. Huu ndio msamaha pekee ninaoupa mfuko wa plastiki, na ni kwa kitu kilichokauka kabisa. La sufu liwekwe kwenye mfuko wa kitambaa. Nondo hupenda zaidi sufu yenye jasho na uchafu, kwa hiyo kufua kwenyewe ni nusu ya kinga. Vidonge vya kufukuzia nondo sivitumii: vina sumu, harufu haitoki, na hapo juu analala mtu.

Andika kwenye lebo, nje: “La mvua, jembamba, sentimita 145, kibanio cha kushoto kimelegea.” Msimu ukirudi hutafungua mafungu manne kutafuta moja.

Hatua ya 7: Brashi na vidogovidogo

Ule mfuko wa kutundika viatu mlangoni, wenye vimfuko vingi, unameza karibu kila kitu: brashi ya mpira, brashi laini, ndoano ya kwato, kitana cha singa, bandeji, mkasi. Chagua wa wavu ili vumbi lidondoke na hewa ipite. Tandika gazeti chini.

Brashi zioshwe mara mbili kwa mwezi na zikauke zikitazama chini. Zikitazama juu maji huingia kwenye mgongo wa mbao na kuulegeza. Kama bandani kuna farasi mwenye choa, brashi zako zisiguse mwili wake wala zake zisimguse wako. Mbegu za fangasi huyo hudumu kwenye brashi na mablanketi kwa miezi mingi, na choa humpata binadamu pia. Brashi ya farasi aliyekuwa nacho mimi huitupa; ni rahisi kuliko kutibu nyumba nzima.

Hatua ya 8: Dawa

Dawa za farasi ziwe ndani ya boksi lake la asili, zikiwa na maelezo yake, kwenye kisanduku chenye kufuli, juu. Si kabati la bafuni, kwa joto na mvuke. Sirinji moja ya dawa ya minyoo imepimwa kwa mnyama wa kilo 500 au 600, na dawa yenye ivermectin inaweza kuua mbwa, hasa wa ukoo wa Collie. Hata ile iliyodondoka sakafuni ifute mara moja.

Hatua ya 9: Helmeti, buti, na visivyopaswa kuingia

Helmeti haikai kwenye gari lililofungwa juani wala juu ya hita. Joto huharibu sponji ngumu ya ndani. Iweke rafu ya juu kabatini, ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Iliyopigwa katika kuanguka haihifadhiwi, hata kama haina ufa, kwa sababu sponji hiyo hufanya kazi yake mara moja. Buti ndefu zitie magazeti yaliyoviringishwa zisimame, la sivyo zitakunjika kifundoni.

Nyasi kavu na chakula cha farasi visiingie nyumbani hata kwa usiku mmoja. Panya watakuja kwa chakula na kubaki kwa ngozi. Isitoshe, nyasi zilizofungwa zikiwa na unyevu hupata joto kwa ndani na huweza kuwaka zenyewe.

Hatua ya 10: Mkono chini ya shavu la tandiko

Mara moja kwa mwezi ingiza mkono chini ya mashavu ya tandiko, na nyuma ya kila kilichotundikwa. Macho hudanganyika kabla ya vidole. Unatafuta ubaridi, utelezi, au vumbi jeupe linalonata. Ukijua utakuwa mbali kwa wiki kadhaa, paka kwanza ngozi mafuta kidogo sana kwa kitambaa. Kumwaga mafuta mengi ni kosa: hulegeza mikanda, na ukungu nao hula mafuta.

Ukikuta ukungu, toa kifaa nje kabla ya kukifuta. Ukifutia ndani unasambaza mbegu zake chumba kizima. Vaa barakoa. Pangusa kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kingine kilichochovywa kwenye siki na maji nusu kwa nusu, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana. Acha kikauke kivulini siku nzima, kisha paka mafuta kidogo. Vile vitambaa tupa.

Halafu usirudishe kifaa mahali pake kabla ya kusoma kipima unyevu. Ukikuta ukungu mara mbili mahali palepale, tatizo si tandiko, ni ukuta, na kinachotakiwa kuhama ni rafu. Yetu ilihama sentimita 80 tu, kutoka ukuta unaopakana na bafu hadi ule wa chumba cha kulala. Matundu manne ya skrubu yaliyobaki nimeyafunika na kalenda.